Kulwa na Doto wa Ofisi ya Visima

Rukaya Hanifu aliingia ofisini kwetu mwaka 1998 kwa barua ya kibarua wa miezi mitatu, na miaka sita baadaye bado alikuwa kibarua wa miezi mitatu. Kila robo mwaka barua ilichapwa upya, tarehe ikabadilishwa, naye akasaini. Kila mara Bwana Doto Octavian, mkuu wetu, alimwambia kwamba rejesta ikikamilika ataajiriwa moja kwa moja. Nalisema hili mapema kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka yule binti. Hakutaka cheo, hakutaka semina, wala hakutaka kuhamia Dar es Salaam. Alitaka barua isiyokuwa na tarehe ya kuisha.

Ofisi ilikuwa ya visima. Miaka ile serikali ilikuwa inajitoa kwenye kila kitu, viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa kazini kwa orodha zinazobandikwa ukutani, na wafadhili wakaja wakasema uchimbaji wa visima nao waachiwe watu binafsi. Lakini mtu binafsi hawezi kuchimba Dodoma kwa kubahatisha. Anaweza kutoboa mita tisini akapata chumvi, na kumbe jirani, hatua mia mbili tu, wenzake walishatoboa mwaka sabini na mbili wakapata chumvi hiyohiyo wakaondoka. Ndiyo maana ikatakiwa rejesta ya kila kisima cha nyanda zetu za kati: kilipo, kina chake, maji matamu au ya chumvi, pampu ilidumu miaka mingapi. Mafundi walirudi vijijini na fomu zenye vumbi, Rukaya akaziingiza kwenye kompyuta moja moja.

Tulikuwa watumishi kumi na mmoja. Aliyekuwa anafanya kazi ni mmoja. Mimi Emilia, mtunza bohari, najihesabu kwenye wale kumi, na sioni sababu ya kujisafisha. Nilikuwa na daftari, funguo, birika la chai, na mwandiko mzuri niliofundishwa na masista. Mwandiko huo ndio uliokuwa sifa yangu yote pale ofisini. Kila bango, kila kibandiko, kila "Usiingie" mlangoni, aliitwa Emilia.

Rukaya alizaliwa Barabara ya Sita. Babu wa babu yake alipanda kutoka pwani na misafara, akachoka hapa, akafungua duka, na ukoo ule mpaka leo haujui kukaa mikono mapajani. Baba yake alikuwa fundi redio na cherehani. Binti alikua anashika bisibisi kama wenzake wanavyoshika mwanasesere, na alipopewa kompyuta ya ofisi hakumaliza mwezi kabla hajaifungua kifuniko. Linux, programu ya kuendeshea kompyuta nzima, aliipata kwenye sidii iliyokuja na gazeti fulani, akajifunza mwenyewe kwa kurasa alizozichapisha kwenye kibanda cha intaneti pale Uhindini. Alizitoboa kurasa zile, akazifunga kwa uzi, akazibeba kwenye mkoba pamoja na maandazi yake.

Sasa Bwana Doto. Huyu alipelekwa Arusha wiki tatu kusomea kompyuta, akarudi na cheti alichokitundika juu ya kichwa chake ili mgeni asiweze kumtazama bila kukisoma. Alichojifunza huko nadhani ni kuwasha na kuzima, na kuzima alikuwa bado anabahatisha. Seva, mashine kubwa ya kutunzia rejesta, ilipoletwa na wafadhili aliitengea chumba, akaagiza watu wavue viatu mlangoni, kisha akaifunika kwa kitambaa cha kufuma alichofumiwa na mkewe, kile cha maua meupe na pindo la njano. Rukaya alimweleza kwamba matundu yale ya nyuma ni ya kutolea joto. Bwana Doto akamjibu kwamba vumbi la Dodoma yeye Rukaya halijui, akakinyoosha kitambaa vizuri zaidi.

Watu wengi hawakujua kwamba alikuwa na pacha. Jina lilikuwa linamtaja, maana Doto ni pacha anayezaliwa wa pili nyuma ya Kulwa, lakini hakuna aliyemuuliza Kulwa yuko wapi. Mimi nilijua kwa sababu barua zilipitia kwangu. Kulwa alikuwa mhandisi wa mabwawa, anazunguka nchi za watu, na kila Desemba alituma kadi yenye picha yake amesimama mbele ya ukuta wa maji. Bwana Doto aliziweka kwenye droo bila kuzisoma.

Mwaka 2003 diski ya seva ilikufa na kazi ya wiki mbili. Rukaya aliirudia yote bila kulalamika, halafu akaandika dokezo la ukurasa mmoja kuomba diski mbili mpya, akieleza kitu kinachoitwa RAID: kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Bwana Doto alilikalia dokezo miezi minne. Alilipitisha siku aliposikia ofisi ya jirani wanayo.

Kuzifunga diski kulichukua nusu siku. Kuifanya mashine iamke kutoka kwenye zile diski kulichukua wiki tatu, na wiki hizo nilimwona Rukaya akikonda. Data zilikuwa zinajinakili vizuri. Lakini akiichomoa diski ya kwanza na kuwasha, kwenye skrini zilitokea herufi mbili tu, L na I, kisha kimya. Nilimuuliza kulikoni, akanieleza kwa subira ambayo sikustahili. Mwanzoni kabisa mwa diski kuna kijiprogramu kidogo cha kuiamsha mashine, na kile hakikai ndani ya eneo linalonakiliwa. Diski ya pili ilikuwa na kila kitu cha mwenzake isipokuwa namna ya kuamka.

"Inabidi kila mmoja afundishwe kuamka peke yake," alisema.

Akamfundisha kila mmoja. Na kwa kuwa zilikuwa diski mbili za kampuni moja, zimetoka boksi moja, akaziita Kulwa na Doto, kama ambavyo mtu yeyote wa nchi hii angeziita. Ya kwanza, aliyoifunga kushoto, Kulwa. Ya pili, kulia, Doto. Kila moja ilikaa kwenye droo yake ya kuchomoa, na mimi nikaitwa kuandika vibandiko. Niliandika kwa wino mweusi, K na D zenye mikia.

Siku ya maonyesho tulisimama wote soksi tupu kwenye kile chumba. Rukaya alimchomoa Kulwa, akawasha, mashine ikaamka na rejesta ikafunguka. Akazima, akamrudisha, akasubiri wanakiliane tena. Zamu ya pili ilipofika akatangaza, na wallahi hakuwa na nia mbaya, kichwa chake kilikuwa ndani ya mashine:

"Sasa namtoa Doto. Mtaona ofisi inaendelea kama kawaida, hata hatambuliki kama ametoka."

Tulicheka mpaka katibu muhtasi wetu, Miriam, akalazimika kushika ukuta. Rukaya ndiye wa mwisho kuelewa tunachochekea, akajifunika mdomo na mtandio. Bwana Doto alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Siku hiyohiyo alichukua neno la siri la mashine, akalitia kwenye bahasha na kulifungia mezani kwake, na funguo za chumba akazitia mfukoni. Akamwambia Rukaya kwamba kuanzia sasa kazi yake ni kuingiza fomu tu, na kwamba taarifa zote ambazo mashine inajiandikia zitaelekezwa kwenye barua pepe ya mkuu wa ofisi. Rukaya alikubali, angefanya nini.

Mwezi uliofuata Rukaya alikwenda Kolo kwenye arobaini ya shangazi yake. Bwana Doto aliniita chumba cha seva. Nilivua viatu. Alikuwa amekwisha bandua vibandiko vyote viwili, amevikunja, na alinipa karatasi mpya.

"Andika upya," alisema. "Doto akae kushoto."

Nilimuuliza kama Rukaya anajua. Akasema Rukaya ni kibarua. Basi nikaandika. Mtu mzima, mwenye mke na cheti, hakuweza kuvumilia jina lake liwe la pili kwenye sanduku la chuma ambalo hakuna anayeliona! Nilimdharau kiasi kwamba nilitoka pale nimefurahi. Nilimsimulia Miriam, tukacheka tena, na nikajiwekea ahadi ya kumsimulia Rukaya akirudi.

Rukaya aliporudi tulikuwa tunagombana ofisi nzima kuhusu nani anamaliza sukari ya chai. Siku ikapita, na wiki. Baada ya hapo lilikuwa jambo la kuona aibu kulisema, kwa hiyo sikulisema. Hivyo tu.

Kila Jumatatu Rukaya alimuuliza mkuu kama mashine imeandika lolote. Kila Jumatatu Bwana Doto alijibu kwamba hali ni shwari. Fomu zilizokwisha ingizwa alikuwa anazichoma nyuma ya ofisi kila Ijumaa, kwa kuwa alisikia semina moja kwamba ofisi ya kisasa haina karatasi. Alipoombwa sidii za kuwekea nakala nyingine ya rejesta, alisema mapacha ndiyo nakala. Rukaya alijaribu kumweleza tofauti. Ni sawa na kumweleza mbuzi ratiba ya treni.

Novemba 2004 rejesta ilibakiza kata tatu. Barua ya ajira ilikwisha andikwa rasimu, niliiona mwenyewe kwa Miriam, haina tarehe ya kuisha. Wiki ile Bwana Doto alimwita Rukaya amsaidie kutafuta kwenye barua pepe mwaliko wa semina ambao ulikuwa umempotea. Rukaya aliufungua ukurasa, na pale zilikuwa barua mia mbili na sabini kutoka kwenye mashine, hazijasomwa hata moja. Ya kwanza ilikuwa ya Februari. Zote zilisema kitu kimoja, kwamba diski ya kwanza imeshindwa na imeondolewa kazini. Kulwa alikuwa nje ya kazi miezi tisa, kwa joto la kile kitambaa bila shaka, na Doto alikuwa amebeba rejesta nzima peke yake.

Rukaya hakupiga kelele. Aliomba diski mpya siku hiyohiyo, na safari hii ilipatikana upesi kwa sababu mkuu alikuwa ameogopa. Mpango ulikuwa rahisi: kuzima, kumchomoa Kulwa aliyekufa, kuweka mpya mahali pake, kuwasha, na Doto angemnakilia mgeni kila kitu. Kulikuwa na waraka pia, kwamba diski mbovu ya serikali ivunjwe mbele ya mashahidi. Bwana Doto aliupenda waraka ule kuliko nyaraka zote. Aliagiza nyundo kutoka kwangu, akaisainia, nami nikaitwa shahidi.

Saa nne asubuhi tulikuwa chumbani. Rukaya alizima mashine, akapiga magoti, akakiondoa kitambaa. Akanyoosha mkono kwenye droo ya kushoto, akasita. Ilikuwa imeandikwa Doto.

"Kulwa si nilimweka kushoto?" aliuliza. Hakumuuliza mkuu. Aligeuka akaniangalia mimi, niliyekuwa mlangoni na nyundo.

Bwana Doto alisema yeye ana kikao saa tano, na kwamba maandishi yapo pale ili yasomwe. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema, neno lisilozidi pumzi moja. Nilimwangalia Bwana Doto naye akaniangalia. Nikaihamishia nyundo mkono wa pili.

"Mwandiko wa dada Emilia huu," alisema Rukaya, kama anayejituliza. "Basi nimesahau mimi."

Akaichomoa droo ya kulia.

Aliomba awashe kwanza kabla ya kuvunja chochote. Bwana Doto alisema mashahidi hawawezi kusubiri siku nzima, akaibeba diski mpaka kwenye ngazi za mbele, akaitandika nyundo mara nne. Mwanamume yule hajawahi kufanya kazi kwa moyo kiasi kile. Kila pigo alikaza meno, na la mwisho alisema, "Kulwa kwisha." Alisema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia.

Ndani, Rukaya aliweka diski mpya kulia, akawasha, mashine ikaamka. Tukapiga makofi. Diski mpya ilianza kunakiliwa, asilimia zinapanda moja moja, na Rukaya akafungua rejesta kuhakikisha. Kisima cha mwisho kilikuwa cha Buigiri, tarehe kumi na moja Februari. Akafunga, akafungua tena. Kumi na moja Februari.

Nilimwona anavyoelewa. Diski iliyoshindwa na joto miezi tisa nyuma ilikuwa imepoa ilipozimwa, ikapata nguvu ya kuamka mara moja tena, kama alivyoifundisha yeye mwenyewe, ikiwa na yale tu iliyokuwa nayo siku ilipoondolewa. Sasa ilikuwa inamnakilia mgeni rejesta ya Februari. Ile yenye kazi yote ilikuwa kwenye ngazi.

Alitoka na soksi zake mpaka nje. Akaokota sahani za diski, zimepinda, akazipangusa kwa mtandio kama vile ingesaidia.

"Aliyekuwa mzima ni huyu," alisema.

Zilipotea fomu elfu moja mia moja na arobaini, na karatasi zake zilikuwa majivu nyuma ya ofisi. Iliundwa kamati ya watu watatu kutoka mkoani, mwenyekiti Bwana Gaudence, mzee mpole anayeandika kila kitu kwa penseli. Rukaya alieleza kwamba vibandiko vilibadilishwa na mtu. Bwana Doto alieleza kwamba vibarua wana tabia ya kutafuta visingizio. Asubuhi kabla sijaitwa alikuwa amepita bohari, akashika shika vitu, akasema orodha ya wa kupunguzwa inaandaliwa na kwamba anapata shida sana kuitetea nafasi ya bohari.

Nilikuwa nimekwisha panga la kusema. Niliingia nalo mpaka kwenye kiti. Bwana Gaudence akaniuliza kama vile vibandiko niliviandika mara moja au mara mbili. Rukaya alikuwa amekaa dirishani, mikono mapajani, mara ya kwanza namwona hivyo.

"Sikumbuki," nilisema.

Akaandika kwa penseli. Miaka yote nimemdharau Bwana Doto kwa jina lake, kwa cheti chake, kwa kitambaa chake, na dharau ile ilinipa raha, ilinifanya nijione mtu. Pale kwenye kiti niliona kwamba yeye angalau alikuwa na kitu alichokitaka kiasi cha kuharibu kazi ya mtu. Mimi nilitaka tu nisisumbuliwe. Najidharau zaidi yake, na kusema hivyo hakunigharimu chochote, kwa hiyo msinihesabie.

Barua ya Rukaya ya miezi mitatu haikuchapwa tena. Rasimu ile nyingine Miriam aliichana. Mimi nilitajwa kwenye orodha ya semina ya watunza bohari Morogoro, siku tano, na nilikwenda.

Niliporudi Rukaya alikuja na fomu ya kukabidhi vifaa, ambayo mtu akiondoka lazima isainiwe na bohari. Aliweka mezani kalkuleta, mkasi na ufunguo wa kabati. Alinisalimia shikamoo kama siku zote, nikaitikia. Alikuwa na mkoba wake wa kurasa zilizofungwa kwa uzi, mnene kuliko zamani.

"Dada Emilia," alisema, "mimi nimeshajua. Nilijua palepale kwenye kamati. Sikuja kukugombeza, na kazi hairudi. Nataka tu uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako, nijue kwamba sikusahau."

Alisubiri. Nilikuwa na daftari mbele yangu, nikaanza kutafuta ukurasa wa mkasi.

Nilimwambia aiache fomu hapo mezani, nitaisaini baada ya chai.